Kwa Baiskeli Kutoka Mjini Hadi Kizimkazi

Msomaji, zinapotajwa safari ndefu za baiskeli, zile za kujifurahisha na si za kwenda kazini, aghalabu hutajwa nchi za milima na maziwa. Hutajwa Lushoto, ambako barabara itokayo Mombo hupanda ikijipindapinda kandokando ya bonde la mto hadi Soni. Hutajwa vilima vya Kigezi nchini Uganda, na Ziwa Bunyonyi lililolala katikati yake, au barabara za ufukoni mwa Ziwa Kivu. Mfanyakazi wa Unguja anayeishi kwenye maghorofa ya Michenzani, ambaye chombo chake cha safari ni baiskeli ya chuma yenye keria nyuma na kengele kwenye usukani, husoma habari hizo kisha akageuza ukurasa. Mambo hayo, hujisemea, ni ya watu wa mbali.

Ni kweli kwamba Unguja haina mlima. Mahali pake pa juu kabisa, kwenye mgongo wa Masingini nyuma ya mji, hapafiki hata mita 150 kutoka usawa wa bahari. Ziwa hatuna. Mito yetu ni vijito vya upande wa magharibi, na baadhi yake vikishafika kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe huzama chini, visionekane tena. Lakini ipo barabara ya kilomita 53 hivi, kutoka Mjini hadi Kizimkazi katika ncha ya kusini ya kisiwa, ambayo ndani ya asubuhi moja humpitisha mpanda baiskeli kwenye mashamba ya minazi, kwenye msitu mnene, kwenye nchi ya mawe, na mwisho humfikisha pwani penye msikiti wenye maandishi ya miaka zaidi ya 900. Nia ya makala haya ni kukuonyesha njia hiyo. Lipo pia jambo moja linaloihusu barabara hiyo ambalo halifurahishi, nalo nitalieleza tutakapofika mahali pake.

Kwanza tuitazame baiskeli yenyewe. Usidanganywe na picha za wageni waliovaa kofia za plastiki, juu ya baiskeli nyepesi zenye gia nyingi. Kwa barabara hii baiskeli ya kawaida yatosha: Phoenix ya China, Hero ya Bara Hindi, au Raleigh ya Uingereza aliyoiacha babu. Wasomaji wa makamo wanaikumbuka pia Swala, iliyokuwa ikitengenezwa Dar es Salaam. Baiskeli hizi ni nzito, na pengine mtu akizipandisha Lushoto angezisukuma kwa mkono nusu ya njia. Lakini penye tambarare uzito wake si mzigo sana. Kila siku wachuuzi wa samaki huzipakia tenga zilizojaa, wakaziendesha masafa ambayo wengi wetu tungeomba lifti.

Siku moja kabla ya safari kaza breki, utie mafuta mnyororo, uzungushe magurudumu uone kama rimu imepinda. Chukua pampu, viraka na gundi yake, na ikiwezekana mpira wa ndani wa akiba. Ndani ya mji fundi baiskeli yuko chini ya kila mwembe. Ukishatoka nje ya mji usitegemee kumkuta kila mahali tairi itakapotoboka.

Na binti je? Swali hili lafaa kuulizwa katika kurasa hizi za familia, kwa sababu nyumbani aghalabu halijibiwi, hunyamaziwa tu. Mvulana wa miaka kumi na miwili hupewa baiskeli ya baba akatumwa dukani. Dada yake huambiwa akae. Sababu itolewayo ni heshima, na nyingine ni nguo. Hii ya nguo ina jawabu rahisi: baiskeli ya kike isiyo na chuma cha juu, yenye bati la kufunika mnyororo na wavu wa kuzuia buibui lisinaswe kwenye spoki, imekuwako tangu zamani za mabibi zetu. Ile ya heshima ni ya wazazi kujadiliana. Lakini wakati wanajadiliana wakumbuke kwamba shamba yupo msichana anayekwenda skuli kwa miguu kilomita nyingi, akafika amechoka, akarudi jua limeshuka. Baiskeli kwake ni saa mbili za kusoma.

Sasa upepo. Mwenda kwa gari haujui, lakini mpanda baiskeli huujua kama nahodha. Barabara yetu yaelekea kusini na mashariki. Wakati wa kusi, hasa kuanzia Juni hadi Septemba, utakwenda nao usoni, na utaona kwamba tambarare nayo yaweza kuwa mlima. Faraja ni kwamba wakati wa kurudi, ukiwa umechoka, kusi hukusukuma mgongoni. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, si kusi tena anayekuzuia, bali jua, nalo ni kali. Masika, kwa maoni yangu, yafaa uiache safari hii. Mvua ya Aprili haimjui mtu. Kwa mara ya kwanza miezi ya kusi ndiyo bora, kwa kuwa hewa ni ya baridi kidogo, ila uwe na subira.

Ondoka saa kumi na mbili na nusu, kukishapambazuka. Sehemu ngumu kuliko zote ni ya mwanzo, nayo haina msitu wala bahari: ni Mwanakwerekwe na Fuoni, penye daladala, malori ya mchanga, pikipiki, mikokoteni na watu waendao sokoni, wote wakitafuta nafasi moja. Shika kushoto kabisa, usishindane na mtu. Baada ya Fuoni nyumba huanza kuachana, na kufika Tunguu, penye vyuo vikuu, utaanza kusikia mnyororo wa baiskeli yako mwenyewe.

Kutoka Tunguu kwenda Bungi, barabara hii kwa miaka mingi imesifika kwa safu zake za miembe mikongwe. Husimuliwa kwamba ilipandwa kwa ajili ya Bibi Khole, mmoja wa mabinti wa Sayyid Said, ambaye magofu ya nyumba yake yako upande wa bahari. Wengine hudhani miti hiyo ni ya kale kuliko yeye. Bibi Khole ndiye yule ambaye mwaka 1859, pamoja na ndugu yake Salme, alimuunga mkono Barghash katika njama ya kumpindua kaka yao Majid. Njama ilishindwa, Salme baadaye alikwenda Ujerumani na kuandika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, na ndiyo maana leo twajua mengi juu ya dada zake. Mikono iliyochimba mashimo ya miembe na kuimwagilia maji ilikuwa ya watumwa, nao hakuna aliyewaandikia kitabu. Ukipumzika hapo, uwakumbuke.

Mbele kidogo kuna njia ya kulia iendayo Unguja Ukuu, ambayo yaelekea ndiyo bandari kongwe kuliko zote kisiwani. Waliochimba wamekuta humo vyombo vya kigeni vya miaka zaidi ya 1,200 iliyopita. Ukiwa na nguvu za ziada, nenda. Mimi nakushauri uiwekee siku yake.

Kisha, baada ya kilomita 35 hivi tangu Mjini, kivuli hukuangukia. Umefika Jozani.

Msitu wa Jozani una siri moja ambayo ndiyo uhai wake: maji yako karibu mno na uso wa ardhi. Wakati wa mvua kubwa sehemu ya chini ya msitu hujaa maji, mitondoo na michikichi ikasimama ndani yake kama vigingi ndani ya bwawa. Hilo ndilo ziwa letu, msomaji. Huja na masika na huondoka nayo. Ng'ambo ya barabara, upande wa Pete, msitu huteremka hadi kwenye mikoko, na ipo njia ya mbao ambayo mtu huipita akitazama mizizi na kaa chini yake. Eneo lote, pamoja na Ghuba ya Chwaka, lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004, lenye ukubwa wa kilomita za mraba 50 hivi. Paanunga, yule mnyama mdogo mfano wa swala ambaye ni adimu sana duniani, anaishi humu, ijapokuwa ukimwona kwa safari moja una bahati. Chui wa Unguja, ambaye wazee walimwogopa usiku na kuamini kwamba wapo watu wanaomfuga, wataalamu wengi wanamhesabu kuwa ametoweka. Kwa hiyo anayehofia kumpeleka mtoto kwa sababu ya chui atafute sababu nyingine.

Utakayemwona kwa hakika ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu na nywele nyeupe zilizosimama kichwani kama za mzee aliyeamka usingizini. Asili yake ni Unguja peke yake, duniani hana kwao pengine. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba wapo zaidi ya 5,800, mara tatu ya ilivyodhaniwa kabla. Habari njema, ingawa baadhi yao wanaishi nje ya hifadhi, kwenye misitu ambayo hukatwa mwaka hadi mwaka. Usiwape chakula na usiwakaribie mno. Kaa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini, utazame. Gari likipita kwa kasi, hao wanakimbia. Baiskeli wanaitazama tu, kisha wanaendelea kula majani.

Hapa ndipo mahali pa lile jambo nililoahidi kulieleza.

Chini ya magurudumu yako, mbele ya Jozani, utayahisi matuta. Yana historia yake. Katika miaka ya 1990 barabara ilipokuwa imetengenezwa vizuri na magari yakawa yanakwenda mbio, kima wavukao kutoka upande mmoja wa msitu hadi wa pili walianza kugongwa. Watafiti waliokuwa wakihesabu mizoga walikadiria kwamba alikuwa akifa kima mmoja katika kila wiki mbili au tatu. Yakajengwa matuta manne. Vifo vikapungua hata vikawa takriban kimoja katika wiki sita. Madereva walikuwa wale wale, na kima hawakufundishwa kuvuka. Kilichobadilika ni mwendo tu.

Basi jiulize, ukiwa hapo umesimama: kama twajua hivyo kwa kima, mbona twajifanya hatujui kwa mtu? Tazama nani wamo barabarani asubuhi. Yupo mchuuzi anayewahi soko na tenga lake. Yupo mwanafunzi mwenye baiskeli ya baba isiyomtosha, anaikanyaga akiwa ameingiza mguu chini ya chuma cha juu kwa kuwa kiti hakifikii. Yupo mama mwenye mzigo wa kuni kichwani. Na saa hiyo hiyo wapo wageni walioamshwa mapema hotelini, wanaokimbizwa Kizimkazi kutazama pomboo, kwa sababu safari za pomboo hufanywa asubuhi na kila dereva anataka wake wawahi boti ya kwanza. Barabara ni moja. Mwenye kuchelewa yuko ndani ya bati na chuma. Asiye na kosa yuko nje.

Wataalamu wa usalama barabarani wanasema kwamba mtu akigongwa na gari lenye mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mara nyingi hupona. Mwendo ukipita kilomita 50, matumaini yake hupungua upesi. Zingatia kwamba kutoka Jozani hadi Kizimkazi pamebaki kilomita zisizofika 20. Anayekwenda kwa kilomita 80 badala ya 50 haokoi hata dakika kumi. Kwa dakika hizo, pomboo hawatakuwa wamehama bahari.

Wapo watakaosema kwamba baiskeli imepitwa na wakati, na nchi inayoendelea haina budi kuyapisha magari. Uholanzi nao walisema hivyo. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliyafungulia magari miji yao. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 waliuawa katika barabara zao, zaidi ya 400 wakiwa watoto. Mwandishi mmoja wa gazeti, Vic Langenhoff, aliyefiwa na binti yake aliyegongwa akiwa juu ya baiskeli, aliandika makala ya hasira mwaka 1972, na wazazi wakaingia barabarani. Njia za baiskeli ambazo leo ulimwengu mzima huzisifu hazikuwapo tangu enzi. Zilidaiwa, na waliozidai hawakuwa matajiri waliokosa magari ya kununua.

Kwetu sisi hatuhitaji kuanza na makubwa. Barabara inapopanuliwa, yeyote mwenye haki ya kuuliza aulize: baiskeli itapita wapi? Pembe ya lami yenye upana wa mita moja na nusu, isiyokuwa na changarawe wala ukingo uliomomonyoka, ingemtosha mchuuzi na mwanafunzi. Matuta mbele ya kila skuli, yaliyopakwa rangi yaonekane. Na kwa wale wanaoajiri madereva wa wageni: msiwalipe kwa kuwahi.

Tuendelee na safari, maana jua linapanda. Baada ya Jozani utafika njia panda ya Kitogani. Magari mengi hukata kushoto kwenda Paje. Wewe shika kulia. Hapo barabara hutulia. Udongo mwekundu uliouona huko nyuma sasa unabaki kwenye vishimo tu, kwingine kote ni maweni: mawe ya matumbawe ya kale yaliyoinuka kutoka baharini, makali kama msumeno, na vichaka vilivyojishika humo. Watu wa kusini wanalima katikati ya mawe haya. Kila palipo na kiganja cha udongo pana mbegu. Utapita Muyuni, penye wavuvi, na kisha utakunja kuelekea pwani. Kwenye kipande hiki hakuna kivuli cha kutosha, kwa hiyo hakikisha una maji. Ukikuta dafu, usibishane bei.

Kizimkazi ni mbili: Dimbani na Mkunguni, zenye pwani zake mbalimbali. Jina lake siku hizi hutajwa sana kwa kuwa ndiko kwao Rais Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa Machi 2021. Lakini lilikuwa jina kubwa kabla ya hapo. Wenyeji husimulia juu ya mfalme aliyeitwa Kizi na mtumwa wake Mkazi, aliyejenga ukuta wa mji peke yake; maadui walipokuja Kizi aliomba, wakatokea nyuki wakawafukuza. Waliporudi mara ya pili, mfalme alikimbilia pango la ufukoni, na pango likajifunga nyuma yake. Mtoto aliyechoka kukanyaga pedali husikiliza hadithi hii mpaka mwisho, nakuhakikishia.

Msikiti uko Dimbani. Waweza kuupita usijue, maana kwa nje si jengo la kustaajabisha. Ndani, kwenye kibla, mawe ya matumbawe yamechongwa kwa khati ya Kufi, herufi zikichanua kama maua, nayo yataja mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi yalihifadhiwa, na ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Hebu fikiri: Wareno walipopita pwani hii kwa mara ya kwanza, mwaka 1498, maandishi haya yalikwisha kuwa na umri wa miaka 391. Watu bado wanasali hapo. Omba ruhusa, vua viatu, na ukiwa umechafuka kwa vumbi la safari, tawadha kwanza.

Kuhusu pomboo: bahari ya Kizimkazi imo ndani ya Hifadhi ya Ghuba ya Menai, iliyoanzishwa mwaka 1997. Zamani pomboo waliwindwa, nyama yao ikawa chambo cha papa. Utalii uliokuja katika miaka ya 1990 uliwafanya wawe na thamani zaidi wakiwa hai. Hilo ni jema. Lakini watafiti wameonyesha pia kwamba maboti yanapowazonga, pomboo hupumzika kidogo kuliko kawaida yao. Kama utachukua boti, mwambie nahodha azime mashine na angoje. Wakipenda watakuja wenyewe. Kama fedha hazitoshi, keti ufukoni chini ya mkungu. Kutazama bahari hakuna kiingilio.

Kurudi, una njia mbili. Unaweza kuipakia baiskeli juu ya gari la abiria, baada ya kupatana nauli yake kabla hujapanda, si baada. Au ukanyage tena. Ukichagua ya pili, swali adhuhuri, kula, pumzika kidogo, na uondoke kabla ya saa nane. Hapo utafika Fuoni ungali na mwanga. Ukichelewa, funga taa nyuma, au angalau kipande cha bati linalong'aa, na umweke mtoto mbele yako, usimwache nyuma.